Aliyewekwa na Mungu, akaondolewa na Seneti

Tarehe 17 Machi 2025, Isaac Mutuma M'Ethingia aliapishwa kuwa gavana wa Meru. Siku tatu nyuma Mahakama Kuu ilikuwa imetupilia mbali kesi ya Kawira Mwangaza, na hapo kikatulia kivumbi kilichoanza Desemba 2022. Wawakilishi wadi wa Meru walipiga kura mara tatu kumng'oa mama huyo. Mara mbili Seneti ilimnusuru. Mara ya tatu, Agosti 2024, ikamtosa.

Huku kwetu Pwani tulikifuata kisa hicho kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani: leo kaponea, kesho karudi kizimbani, mtondo twaulizana imekuwaje. Magazeti yalitupa hesabu za kura na orodha ya mashtaka, kuanzia upendeleo wa jamaa hadi kuvunja katiba. Kwa maoni yangu, kuna jambo moja halikupewa uzito wake. Bi Kawira ni askofu. Kabla ya siasa na hata ndani ya siasa alikuwa kiongozi wa kanisa lake, Baite Family Fellowship, pamoja na mumewe. Mwaka 2022 aligombea ugavana bila chama, akawabwaga Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi aliyekuwa seneta. Mwanamke, hana chama, mbele ya vigogo wawili. Ukiwa muumini utasema nini ila kwamba mkono wa Mungu ulikuwamo? Wafuasi wake walisema hivyo. Kila Seneti ilipomwokoa, walisema tena.

Ilipofika mara ya tatu, maneno hayo hayo yakahamia upande wa pili. Sasa waliokuwa wakimpinga ndio waliotangaza kwamba Mungu huinua na Mungu hushusha. Aya haikubadilika. Aliyebadilika ni mshindi.

Hilo ndilo nataka tulitazame leo, kwa sababu Meru na Embu si mbali kama tunavyodhani. Embu wengi wetu twaijua kwa muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, na Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata. Haikuisha wiki, viongozi wa Embu walikuwa wameshaonana na Rais, Rais akatangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu, na Mahakama Kuu kule Embu ikaisimamisha. Vijana wetu wanatafuna hadi leo. Na tangu tarehe 1 Novemba 2024 Naibu wa Rais wa nchi hii ni Kithure Kindiki, mtu wa Tharaka Nithi, kaunti iliyo katikati ya Meru na Embu. Wanavyofikiri watu wa upande ule kuhusu Mungu na cheo kunatufikia sisi mpaka sahanini.

Chukua hiyo Oktoba 2024. Bunge la Taifa lilimng'oa Rigathi Gachagua tarehe 8, Seneti ikamaliza kazi tarehe 17, na asubuhi yake jina la Kindiki likapelekwa bungeni. Upande wa mashariki wa Mlima, watu waliokaa miaka mingi wakilalamika kwamba wao ni kapu la kura za Nyeri na Kiambu tu, waliona dua zao zimejibiwa. Upande wa magharibi wa Mlima huo huo, tukio lile lile liliitwa usaliti, na tena usaliti uliosimuliwa ndani ya makanisa. Mlima mmoja, kitabu kimoja, mwezi mmoja. Wa Chuka alimshukuru Mungu, wa Nyeri akamlilia.

Sasa, tusije tukawasingizia wenzetu. Itikadi yenyewe ya Kikristo katika jambo hili ina mizizi mirefu, na nimejitahidi kuisoma na kuwauliza wanaoijua. Nguzo yake moja ni kitabu cha Danieli, ambamo kijana aliyechukuliwa mateka Babeli anamsifu Mungu kwamba ndiye anayebadilisha nyakati na kuwaondoa wafalme na kuwasimamisha wengine. Nguzo ya pili ni waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 13, unaosema kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na kwamba mtu aitii. Ukikutana na mwanasiasa madhabahuni Jumapili, aghalabu ni hiyo ya pili aliyokuja nayo mfukoni.

Lakini soma Danieli mpaka mwisho. Nebukadneza aliyeambiwa kwamba ufalme wake umetoka juu ndiye huyo huyo aliyetembea juu ya paa la kasri lake akijisifu kwamba yote kayajenga yeye, na adhabu yake ikawa kufukuzwa kwa watu na kula majani kama ng'ombe. Mjukuu wa habari hiyo ni Belshaza, aliyeona maandishi ukutani katikati ya karamu. Kisha Dario, aliyetiliwa sheria mbaya na maofisa wake wenye husuda, akaitia sahihi bila kufikiri, na usiku ule akakosa usingizi. Wafalme watatu, na kila mmoja anaambiwa usoni kwamba juu yake yupo mwingine. Mwenye kuwaambia hakuwa na jeshi wala kura. Alikuwa mtumishi wa serikali. Sijaona katika kitabu hicho mahali ambapo mfalme mwenyewe ndiye anayewaambia raia kwamba yeye kawekwa na Mungu, nao wanyamaze.

Hata waraka wa Paulo uliandikwa zama za Nero, na Wakristo wa Kirumi walioambiwa watii wenye mamlaka ni hao hao waliokuja kuuawa na Nero kwa kusingiziwa kwamba waliuchoma mji wa Roma. Walitii kodi na sheria. Kuna pahali walisita. Katika Matendo ya Mitume Petro na wenzake waliamriwa wanyamaze, wakajibu kwamba Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza kuliko wanadamu. Na katika Injili ya Yohana, Isa mbele ya Pilato anamwambia kwamba mamlaka aliyonayo amepewa kutoka juu. Sisi tuna itikadi yetu kuhusu mwisho wa kisa hicho, sitaiingiza hapa. Ninachosema ni kwamba kwa Mkristo neno lile lilisemwa na mshtakiwa kumwambia hakimu. Lilikuwa onyo.

Aliyewafundisha watu wa Embu na Meru kuisoma hivyo alikuwa mtu wao wenyewe, na ninashangaa jinsi jina lake lilivyopotea midomoni mwa wanasiasa wa leo. David Gitari alizaliwa Kirinyaga mwaka 1937. Mwaka 1975 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyoanzia Kirinyaga na Embu, ikapanda Meru, ikashuka hadi Isiolo na Marsabit. Mwaka huo huo, J.M. Kariuki alipouawa, Gitari alikuwa na kipindi cha tafakari kwenye redio ya taifa, na akazungumzia kisa cha Kaini na Habili, na yule ndugu anayeulizwa nduguyo yuko wapi. Kila mtu alielewa.

Yaliyomtia hatarini hasa yalikuja miaka ya themanini. KANU ilileta uchaguzi wa mlolongo, raia wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea. Wenye umri wangu wanakumbuka wazazi wao walivyorudi nyumbani wakicheka kwa uchungu: foleni fupi ilitangazwa ndefu, na foleni ndefu ikatangazwa fupi. Bungeni katiba ilikuwa ikigeuzwa upesi upesi, Mwanasheria Mkuu na mkaguzi wa hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao mwaka 1986, na majaji wakafuata mwaka 1988. Juni 1987 Gitari alipanda mimbari kule Nyeri akahubiri Danieli sura ya 6, ile ya Dario na shimo la simba. Hoja yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: mfalme alitia sahihi sheria iliyoletwa na wanafiki bila kumshauri aliyekuwa mwaminifu zaidi serikalini, na sheria ya namna hiyo humnasa hata aliyeitia sahihi. Wanasiasa wa KANU walimvamia kwa maneno kwa wiki kadhaa. Walitaka ahubiri Injili aache siasa. Yeye akawajibu kwamba hiyo ndiyo Injili.

Hakuishia hapo. Ardhi ya umma iliponyakuliwa alihubiri kisa cha mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, ambalo mfalme alilitamani na mwenyewe akauawa ili lipatikane. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba yake kule Kirinyaga. Aliponea kwa kukimbilia juu ya paa huku majirani wakiitikia mayowe. Mwaka uliofuata mwenzake wa Eldoret, Askofu Alexander Muge, alifariki katika ajali ya barabarani ambayo mpaka leo wengi hawaiamini kuwa ajali. Gitari aliishi, akawa Askofu Mkuu mwaka 1997, akastaafu 2002, akafariki 2013.

Mtu huyu hakukana hata siku moja kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Ndio ulikuwa msingi wake wote. Kama umewekwa, basi una aliyekuweka, na kama una aliyekuweka, utaulizwa hesabu. Na mwenye kuiulizia hesabu hiyo leo, kabla ya kiyama, ni kanisa, mahakama, gazeti na mpiga kura. Moi naye alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, na taarifa ya habari ya saa moja haikukosa kutuonyesha. Wote wawili walishika Biblia moja.

Kabla hata ya Biblia kufika, Wameru walikuwa na hekima fulani katika hili. Walikuwa na mtu aliyeitwa Mugwe, mwenye baraka. Padri Bernardo Bernardi wa Consolata alimwandikia kitabu mwaka 1959. Mkono wa kushoto wa Mugwe ulifichwa ndani ya nguo, usionekane, kwa kuwa ndio mkono wa kubarikia. Aliheshimiwa na kuogopwa, lakini uendeshaji wa mambo na hukumu ulikuwa kwa wazee, hao wa Njuri Ncheke. Anayebariki alikuwa mmoja, wanaotawala walikuwa wengine. Wamishonari wa Kimethodisti, walioanzia hapa kwetu Ribe mwaka 1862, walifika Meru miaka 50 baadaye, na waliwakuta watu ambao tayari wanajua kwamba baraka na bakora hazikai mkono mmoja.

Ukilitazama hilo, kisa cha Bi Kawira kinaeleweka vingine. Simwonei. Nadhani baadhi ya madiwani wale walimwandama kwa sababu ni mwanamke asiye na chama na asiyejua kugawana, na mipango yake ya kuwagawia maskini ng'ombe na nyumba iliwakera waliozoea misaada ipitie kwao. Lakini pia alimpa mumewe cheo cha ulezi wa vijana katika kaunti, na alipoulizwa na kukosolewa, watu wake walisikia kana kwamba nabii anatukanwa. Gavana anaweza kukaguliwa na mkaguzi wa hesabu. Askofu mwenye upako, nani atamkagua? Njuri Ncheke walijaribu kusuluhisha, haikufaa. Mwisho wake ni kwamba hoja za kweli dhidi yake na fitina tupu dhidi yake zilichanganyika, na mwananchi wa Meru akakosa kujua ipi ni ipi.

Nilimuuliza muuza viazi mmoja pale Kongowea, mtu wa Timau, kama anaona ni Mungu aliyemtoa gavana wake. Akaniangalia. "Ustadh," akasema, "Mungu ndiye alileta mvua mwaka huu. Hao wengine ni madiwani." Nikanunua viazi, maana sikuwa na la kuongeza.

Wasomaji wangu wa Kiislamu wasianze kutabasamu. Nasi aya tunayo. Katika Aali Imran, aya ya 26, tunafundishwa kwamba mwenye ufalme ni Allah, humpa amtakaye na humvua amtakaye. Katika An-Nisaa tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka miongoni mwetu. Na mtu wa kwanza kuzigeuza aya za namna hiyo kuwa ngao ya mtawala hakutoka Meru. Baadhi ya wafalme wa Banu Umayya walipoulizwa kuhusu dhulma zao walipenda kusikika kwamba yote yaliandikwa, ni qadar, hakuna la kulaumu. Ghaylan wa Damascus alisimama akasema mwanadamu ana hiari katika kitendo chake, na kwa hiyo mtawala naye ana dhambi zake mwenyewe. Aliuawa zama za Hisham bin Abdulmalik. Wanavyuoni wetu wanahitilafiana naye katika aqida, na mimi si wa kuwasahihisha. Ila tusijidanganye kwamba aliuawa kwa ajili ya aqida peke yake.

Tena tuna mfano ulio bora kabla ya huo. Abubakar Siddiq, radhi za Allah ziwe juu yake, alipochaguliwa alisimama akawaambia watu kwamba amewekwa juu yao naye si mbora wao, akifanya vyema wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Hebu tafuta gavana, wa Meru au wa kwetu, aliyeanza kazi kwa maneno hayo. Huku kwetu mheshimiwa huja kwenye Maulidi akiwa na bahasha, hupewa kiti cha mbele kuliko walimu wa madrasa, kisha sheikh husimama kumwombea dua ndefu na kutukumbusha kwamba uongozi ni wa Mwenyezi Mungu. Bahasha ikishafunguliwa, atakayeuliza habari za maji ya Kisauni au hatimiliki za Lamu ataonekana hana adabu.

Upande wa wenzetu kuna dalili za kuamka, lazima tuseme. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kusema katika ibada kule Butere. Baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya Juni 2024, makasisi wengi walizomewa na waumini wao wenyewe kwa kukaa kimya. Novemba mwaka huo maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali juu ya uongo serikalini, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaamuru mamilioni ya shilingi ambayo Rais alitoa katika kanisa la Soweto yarudishwe. Kurudisha fedha ni lugha ambayo kila mtu anaielewa. Lakini Julai 2025 nchi ilikuwa tena katika mjadala wa kanisa linalojengwa ndani ya Ikulu, na jibu la Rais lilikuwa kwamba hataomba radhi na anayekasirika ni shetani. Ukishamweka shetani upande wa wanaokuuliza bei, mazungumzo yamekwisha.

Narudi Embu, kwa mtu mmoja wa Mbeere. Justin Muturi alikuwa Spika, akawa Mwanasheria Mkuu, kisha Waziri wa Utumishi wa Umma. Mwaka 2021 wazee walimsimika huko Mukurwe wa Nyagathanga kuwa msemaji wa Mlima, kwa dua na taratibu zote za kumkabidhi cheo kutoka juu. Juni 2024 mwanawe alitekwa nyara, akaachiliwa. Januari 2025, angali waziri, Muturi alisema hadharani ni nani waliomchukua mwanawe na jinsi alivyolazimika kumwendea Rais. Machi akafutwa kazi. Wapo wanaomwita Danieli. Mimi nasita, kwa kuwa alikaa kimya miezi mingi huku wana wa wenzake wakitoweka, na alisema lilipomfika lake. Hata hivyo alisema akiwa bado amekalia kiti, na mawaziri waliobaki mezani hawakulifanya hilo.

Nafasi yake akapewa Geoffrey Ruku, mbunge wa Mbeere Kaskazini, na kiti cha ubunge kikabaki wazi. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 27 Novemba 2025. Mgombea wa UDA alibebwa na Naibu wa Rais mwenyewe, mgombea wa DP, chama cha Muturi, akabebwa na upinzani wote. Pande zote mbili zilipita makanisani, zote zikaombewa. UDA ilishinda kwa tofauti ya kura mia kadhaa tu. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na wageni hao hao watakuja Ribe, watakuja Kisauni, watakuja Lamu, na watauliza sheikh wa hapa ni nani.